Ngozi ya Kunolea

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu wetu hata angetaka asingepata cha kunyoa. Kichwa chake kilianza kung'ara akiwa na miaka ishirini na saba, na mteja mgeni akisita mlangoni akiutazama upara ule kwa mashaka, yeye humkaribisha kwa sauti ya juu: "Ingia, ndugu yangu. Huu niliufanyia mazoezi tu."

Wateja walimwita Profesa, kwa kuwa hakuna jambo lililomshinda kueleza, na kwa kuwa mwenyewe alidai ana digrii ya vichwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti kilekile cha chuma. Kisogo kikiwa bapa alijua mwenye nacho alilazwa chali utotoni. Alitofautisha kovu la jiwe na kovu la chupa, na mwenye kovu akisema alianguka kwenye ngazi, Profesa alimpa pole kwa ngazi.

Kwa hiyo binti yake alipofikisha miezi minne, vidole vya baba ndivyo vilivyojua kabla ya mtu yeyote. Alikuwa anamwogesha. Akapitisha kidole gumba utosini, mahali ambapo kwa mtoto mchanga huwa laini na hupwita, akakuta pamefungwa. Kutoka pale hadi katikati ya nyusi kidole kikapanda juu ya tuta jembamba la mfupa, kama mshono wa kiatu. Akarudia mara tatu. Mkewe alipoingia na taulo, ilikuwa mara yake ya kwanza tangu waoane kumwona yu macho na amenyamaza.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Profesa alimwita Mwalimu hata wakiwa wawili. Mwalimu alishika, akasema haoni kitu. Mama mkwe naye akaja, akasema kichwa cha mtoto hujinyoosha chenyewe, yeye kalea sita na hakuna aliyetoka na kichwa cha papai. Profesa akamjibu kwa adabu zote kwamba sita ni wengi, mama, ila mimi nimeshika maelfu. Bibi yule akamnunia wiki nzima, na wiki ile haijaisha walikuwa hospitali.

Daktari wa vichwa vya watoto alikuwa mtu mrefu mwenye viganja vipana, ambaye wauguzi walimwita Seremala nyuma ya mgongo wake, naye anajua. Alipitisha kidole gumba palepale Profesa alipopitisha, polepole, macho akiyaelekeza dirishani. Profesa akampenda tangu hapo. Alieleza kwamba mifupa ya kichwa cha mtoto huja vipande vipande, ili ubongo ukikua upate pa kusukuma, na kwamba ya huyu imeshikana kabla ya wakati wake. Ubongo unakua, nyumba haikui. Itabidi afungue, autoe mfupa wa paji la uso, aukate na kuupanga upya, kisha aurudishe.

Baada ya hapo akataja yanayoweza kuharibika, akikunja kidole kwa kila moja. Damu kumwishia. Maji ya ubongo kuvuja. Macho. Wadudu kuingia kwenye jeraha na kufika kwenye utando wa ubongo. Mfupa kuoza ikabidi utolewe. Kifo. Vidole vya mkono mmoja vikamwishia, akahamia wa pili.

Profesa akamwambia kwamba yeye akitaka kumkata mteja sikio huwa hamtajii mapema. Daktari akacheka kidogo, akasema hapo ndipo kazi zao zinapoachana.

Zamu ilichelewa. Chumba cha upasuaji wa aina ile kilikuwa kimoja, daktari wa usingizi wa watoto alikuwa mmoja, na waliotangulia walikuwa wengi. Mara mbili waliitwa wakarudishwa. Mtoto akafikisha mwaka na miezi miwili, na daktari wa macho akaandika kwamba mishipa nyuma ya macho imeanza kuvimba kwa msukumo wa ndani.

Jina la nyumbani la mtoto lilikuwa Bosi, maana tangu azaliwe kazi yake ilikuwa kuamuru. Alikuwa na mchezo mmoja na baba yake usiochakaa. Profesa akirudi kutoka kazini hujificha nyuma ya mlango na kuigiza sauti za wateja wa siku hiyo: mzee wa kikohozi, askari anayeongea na simu, kijana anayetaka mstari pembeni ya kichwa na hajui upande gani. Bosi akisikia sauti ya kwanza tu, hugeuza lile paji lake la ncha na kuangua kicheko cha tumbo, cha mtu mzima aliyesimuliwa jambo la aibu. Bosi alipokuwa na miezi saba tu, Mwalimu alisema mtoto aliyejua kucheka kabla ya kuona kichekesho alikuwa na akili kuliko darasa zima la tatu.

Hatimaye wakapewa siku. Walazwe Jumatano mchana, upasuaji Alhamisi asubuhi. Muuguzi mkuu wa wodi, Sista, mwanamke mnene mwenye saa kifuani, aliwapa sabuni ya kumwogeshea na masharti yake: msimpake mafuta, msimfunge chochote kichwani, msimnyoe. Nywele watazishughulikia wao kulekule ndani, kwa mashine. Kisha akamgeukia Profesa.

"Wewe hasa nakuambia, Baba Bosi. Najua kazi yako."

Profesa akainua mkono juu kama anaapa mahakamani.

Ukimuuliza leo kwa nini alifanya vile atakuambia ni mapenzi, na hatakuwa amekudanganya. Ukimpa muda kidogo ataongeza kwamba kiburi nacho kilikuwamo. Hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa nywele za Bosi, na sasa mtu asiyemjua, amevaa kijani na kuficha uso, aje amparamie kwa mashine ya hospitali iliyopoteza meno? Tena mashine huacha visiki. Daktari akikata ngozi atafanyaje kazi safi juu ya visiki? Yeye angempelekea kichwa safi kama yai. Aliiona kama heshima, fundi kumwandalia fundi mwenzake.

Jumatano asubuhi, Mwalimu akiwa shuleni anakabidhi madaftari, alimchukua Bosi hadi kwenye banda lake, akafunga mlango. Hakutumia wembe wa kutupa. Alitoa ule wa kukunja, wa marehemu baba yake, ambao aliutumia kwa wateja wa heshima tu. Akauchemsha dakika kumi kwa saa ya ukutani. Akaufuta kwa spiriti. Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akatandika taulo mpya juu ya kiti, akamkalisha Bosi juu ya ubao wa watoto na kumpa kitana achezee. Alinyoa kwa robo saa, akiigiza askari wa simu muda wote, na mtoto akatulia kama maji ya mtungini. Nyuma ya sikio la kushoto tu, Bosi alipogeuka kucheka, wembe ukamgusa. Tone moja. Profesa akapaka jiwe la shabu, damu ikakata, akamvisha kofia.

Mwalimu alipoona alifoka, kisha akalainika, maana kile kichwa kilikuwa kimependeza na muda ulikuwa umekwisha. Hakuuliza kimenyolewa na nini. Profesa alikuwa na mashine mbili pale bandani.

Wodini jioni ile Sista hakuwa zamu, na kofia haikuvuliwa. Alhamisi asubuhi, mlangoni pa chumba cha upasuaji, daktari akiwa tayari na kofia yake ya kijani, akafunua kichwa cha mtoto na kusimama.

Akauliza nani kamnyoa. Profesa akasema ni yeye. Daktari akauliza kwa nini, kisha akaacha, kama mtu aliyeona jibu halitamfaa.

"Umenyoa kwa mashine au kwa wembe?"

Profesa akauliza kwani kuna tofauti gani.

Daktari akaeleza bila haraka. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na kila mkwaruzo ni mlango. Kama ni wembe, hamfungui mtoto leo. Atamrudisha nyumbani ngozi ipone. Na kwa kuwa daktari wa usingizi anaondoka baada ya wiki mbili kwenda masomoni, na siku zake zote hadi hapo zimejaa, zamu nyingine ni baada ya miezi mitatu, pengine minne. Alisema anajua habari ya macho, na kwamba hapendi kuchelewa, lakini kati ya mabaya mawili ataandika tarehe mpya.

Profesa alifikiri kila kitu kwa mara moja: miezi minne, mishipa ya macho, Sista na onyo lake, Mwalimu aliyeomba ruhusa mara tatu kwa mkuu wa shule. Akafikiri vilevile kwamba aliuchemsha wembe akaufuta kwa spiriti, ni nani awezaye kusema kuna mdudu.

Ulimi hauna mfupa. "Mashine, daktari," akasema.

Daktari akapinda sikio la kushoto, akaona kidonda kidogo kikavu. Na hiki? Hiki, akasema Profesa, amejikwaruza mwenyewe kwa kucha, unamjua Bosi alivyo. Daktari akamtazama, na fundi akamwamini fundi. Akamchukua mtoto.

Upasuaji ulichukua saa sita na ukaenda vizuri. Alitoka na bandeji kubwa kama kilemba, uso umevimba hadi macho yamefumbika, na Profesa akaambiwa uvimbe ni wa kawaida, siku ya tatu yatafunguka. Yakafunguka siku ya tatu. Paji la uso lilikuwa pana, la duara, paji la mtoto kama watoto wengine. Profesa akajificha nyuma ya pazia la kitanda, akakohoa kikohozi cha yule mzee, na Bosi akageuza kilemba chake na kucheka hadi Sista akaja kuwakataza kwa ajili ya mishono. Jirani wa kitanda, mama aliyekuwa akisubiri mwanawe apasuliwe wiki hiyo mdomo uliopasuka hadi kwenye kaakaa, alicheka pia, akasema wodi imepata redio.

Jumanne joto likapanda.

Ilianza kama wekundu mwembamba kando ya mshono, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya sikio. Jioni mshono ukawa unatoa majimaji ya manjano. Jumatano asubuhi Bosi hakutaka kunyonya, hakutaka mwanga, na Sista alipomwinua kichwa ili ambadilishie shuka, shingo ilikataa kukunjika, mwili wote ukaja pamoja kama ubao. Sista alitembea haraka kwenda kumwita daktari, na wodi nzima ilimtazama, maana hakuna aliyewahi kumwona akitembea haraka.

Daktari akatoa maji mgongoni kwa sindano, akayainua kwenye mwanga. Yalitakiwa kuwa meupe kama ya kunywa. Yalikuwa kama yaliyooshewa mchele. Wadudu wamepenya kwenye jeraha, akasema, na wamefika kwenye utando wa ubongo.

Akawaketisha wazazi kwenye benchi la ukumbini. Kila mdudu ana dawa yake, alieleza. Wale wanaokaa hospitali wana dawa ambayo tayari ameianza. Wale wanaokaa kwenye ngozi za watu huko nje wana nyingine, na hiyo ni chache mno stoo, tena ni kali kwa figo za mtoto, hampi kwa kubahatisha. Maabara itamwambia mdudu ni yupi baada ya siku tatu. Kwa sasa anadhani katoka chumba chake mwenyewe cha upasuaji, kwa hiyo amekifunga kisafishwe upya kuta hadi dari, na upasuaji wote wa wiki umesimama. Jirani wa kitanda alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anakunja nguo za mwanawe bila kumtazama mtu.

"Sasa nawauliza," daktari akasema. "Kuna lolote kuhusu kichwa hiki ambalo silijui? Jipu nyumbani, dawa mliyopaka, chochote. Sitamfokea mtu. Nataka kujua mlango tu."

Mwalimu akafikiri kwa bidii, akataja kikohozi cha mama yake mwezi uliopita. Profesa akatazama viatu vyake. Ndani alikuwa anahesabu zile dakika kumi. Aliuchemsha, na saa ya ukutani ni shahidi. Kama wembe ulikuwa safi, basi wembe si mlango, na kama si mlango kuna haja gani ya kumchanganya daktari na neno ambalo litamvunjia heshima bure? Aliyapanga hayo vizuri kabisa, kama wakili. Akasema hakuna, daktari.

Jumatano ile ikapita. Alhamisi mtoto alikuwa akilia kilio chembamba, cha paka aliyefungiwa mbali. Profesa alikaa kando ya kitanda akijaribu sauti moja baada ya nyingine kwa kunong'ona, na Mwalimu akamwambia anyamaze, jamani, hebu nyamaza.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alimtuma alete shuka safi. Alipita bandani kuchukua ufunguo wa nyumba, na pale mlangoni akamkuta mteja wake wa kila wiki, mzee mwenye vipele vya usaha kisogoni, ambaye hakumkubali kinyozi mwingine. Alikuwa amelikuta banda limefungwa tangu Jumanne, na sasa alisema hataondoka na kichwa kile, anaonekana kama amevamiwa na nyuki. Profesa akaona afanye, dakika kumi tu, mikono ipate kazi. Akauchemsha wembe, akaufuta kwa spiriti, akamfunika mzee shuka. Akaanza kumnyoa upande wa kulia. Katikati ya kichwa wembe ukawa mzito.

Mkono wa kinyozi wembe ukiwa mzito haumuulizi mwenye mkono. Ulikwenda wenyewe kwenye msumari kando ya kioo, ukaishika ile ngozi ya kunolea kwa chini, ukaivuta ikakaza, ukapitisha wembe juu, chini, juu, chini, mara sita. Ngozi ilikuwa nyeusi, inang'aa kama tumbo la sufuria. Baba yake aliitumia miaka thelathini kabla yake. Haikuwahi kuoshwa, maana ngozi ya kunolea ikiingia maji huharibika, na hata mwanagenzi wa siku ya kwanza hufundishwa hivyo.

Mara ya sita mkono ukasimama.

Alikumbuka. Wembe uliochemshwa hupoteza makali kidogo, kila kinyozi anajua. Jumatano ile, baada ya dakika kumi, baada ya spiriti, kabla tu ya kumgusa Bosi, mkono ulikwenda kwenye msumari. Mara sita, juu, chini. Na siku moja kabla, Jumanne, aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa mzee huyuhuyu na kisogo chake.

Mzee akauliza mbona kimya, leo redio imekatika? Profesa aliing'oa ngozi na msumari wake, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akatoka. Mzee alibaki amevaa shuka, nusu ya kichwa upara na nusu nywele, akiita jina lake barabarani, na ilimchukua wiki nzima kuamini kwamba hakuchezewa.

Profesa alipofika wodini pazia la kitanda lilikuwa limevutwa. Bosi alikuwa ametoka kushikwa na degedege, la kwanza. Mwalimu alisimama nje ya pazia, mikono imening'inia. Daktari alitoka akivua glavu, na Profesa akamwambia palepale, hakutafuta faragha, maana alijua akiitafuta atapata na ujanja.

"Ulikuwa wembe, daktari."

Daktari akasimama na glavu moja mkononi.

"Si mashine. Nilinyoa kwa wembe. Nikauchemsha. Halafu nikaunoa kwenye hii." Akanyoosha mkono wenye mfuko. "Hii haichemshwi. Siku moja kabla nilinolea hapo wembe niliomnyolea mtu mwenye majipu. Na kile cha sikioni si kucha. Nilimkata."

Mwalimu aligeuza kichwa polepole, kama anayesikia jina lake likitajwa kwenye chumba kingine. Daktari akauchukua mfuko kwa vidole viwili, akatazama ndani. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote.

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Jumatano nilikuuliza. Leo Ijumaa."

"Ndiyo, daktari."

Daktari akamwita Sista, akaagiza ile dawa nyingine itolewe stoo sasa hivi, akatuma ngozi maabara, akaagiza chumba kifunguliwe. Ndani ya saa moja Bosi alikuwa mezani tena. Walilifungua lile paji zuri la siku nane. Mfupa uliokuwa umepangwa vipande kwa vipande ulikuwa umelala kwenye usaha upande wote wa kushoto. Wakautoa, na haukuwa wa kurudishwa.

Katika saa tatu za upasuaji ule Mwalimu alikaa mwisho mmoja wa benchi na mumewe mwisho wa pili. Katikati palikuwa na nafasi ya watu wanne, na watu wakapita, wakaitazama, wakasimama wima. Aliongea mara moja tu. Alisema: "Ungeninong'oneza hata mimi."

Maabara ikajibu Jumamosi. Mdudu wa jerahani na mdudu wa ngozini walikuwa ndugu wa tumbo moja. Chumba cha upasuaji kikaonekana hakina kosa. Yule wa mdomo uliopasuka akapasuliwa Jumatatu, na mama yake alipopita mbele ya Profesa hakumtukana wala kumsalimu.

Bosi hakufa. Homa ilishuka siku ya nne ya dawa mpya, shingo ikalegea siku ya saba. Akaanza kunyonya, kisha kuamuru kwa kidole. Upande wa kushoto wa paji palikuwa na bonde, ngozi tupu juu ya ubongo, na pale mahali palipwita sasa, kwa kila pigo la moyo, kama ulivyotakiwa kupwita utosi alipokuwa na miezi minne. Daktari alisema atavaa kofia ngumu mchana kutwa, asianguke, asipigwe mpira, hadi afikishe miaka mitano au sita. Hapo watajaribu kumwekea mfupa mwingine, na wataanza tena kukunja vidole.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa, Profesa alisimama nyuma ya pazia. Alikuwa hajathubutu tangu ile Ijumaa. Akakohoa kikohozi cha mzee. Akangoja. Akaigiza askari wa simu, kwa sauti, hadi mgonjwa wa kitanda cha mwisho akacheka. Kupitia upenyo alimwona Bosi ameketi, mgongo umemwelekea, anang'oa nyuzi za blanketi moja moja kwa umakini mkubwa.

Sista alikuwa anapita na trei. Alimtazama baba, akamtazama mtoto, akainua bakuli la chuma la trei na kuliachia sakafuni. Wodi nzima ilishtuka. Kichanga cha dirishani kikaanza kulia. Bosi akang'oa uzi mwingine.

Walimpima kwa vifaa, ikathibitika. Wadudu waliofika kwenye utando walikuwa wamepita masikioni, yote mawili. Daktari aliwaeleza wazazi akiwa amekaa, jambo ambalo hakulizoea. Profesa alimwacha amalize. Kisha akauliza jambo moja tu, ingekuwaje kama angesema ile Jumatano badala ya Ijumaa.

Daktari alikaa akitazama viganja vyake.

"Sijui," akasema. "Huenda masikio yangepona. Huenda yalikwisha tangu Jumanne. Ukitaka mtu akwambie zile siku mbili hazikuwa na neno, mtafute mwingine. Uongo kwenye faili hili umeshatosha."

Nyumbani, Mwalimu alihamia chumba cha mtoto. Hakurudi kwao, ingawa mama yake alifika na begi tupu. Alikwenda shuleni, akarudi, akajifunza kutoka kwa mwalimu mwenzake namna ya kuongea kwa mikono, na jioni alimfundisha Bosi: maji, njoo, moto, baba. Nywele zilipoota alizipunguza yeye kwa mkasi wa kukatia karatasi, zikatoka ngazi ngazi. Profesa alipoziona alikunja ngumi mfukoni. Hakuombwa, hakuomba.

Bandani aliweka wembe wa kutupa kwa kila mteja. Ule wa baba yake aliufungia kwenye kopo. Wateja walirudi, maana kinyozi mzuri ni mzuri, na utani ukarudi kidogo kidogo, lakini waliozoea waliona kwamba sasa husimulia akiwa amewatazama midomoni kwenye kioo, kama anakagua kama wamesikia. Tundu la msumari kando ya kioo halikuzibwa.

Mwezi wa tano baada ya kutoka hospitali, kofia ngumu ikaanza kumchubua Bosi. Nywele zilizokatwa ovyo zilijikunja chini ya kofia, zikatoa jasho na vipele, na daktari akasema kichwa kile lazima kiwe na nywele fupi, sawasawa, bila mkwaruzo hata mmoja.

Mwalimu alitokea bandani saa kumi jioni, akitoka kazini, chaki bado mikononi, amembeba Bosi kiunoni. Palikuwa na wateja wawili wakisubiri. Hakuwasalimu. Aliuweka ubao wa watoto juu ya mikono ya kiti, akamkalisha, akafungua mkanda wa kofia ngumu na kuivua. Wateja wakaliona lile bonde likipwita, wakatazama barabarani.

Mwalimu akanyoosha mkono kwenye meza ya vifaa, akachagua, akampa mumewe mkononi.

"Mashine," akasema.

Profesa alinawa mikono mara mbili. Akafuta meno ya mashine kwa spiriti, moja moja, akabadilisha kitana chake, akaiwasha. Bosi hakugeuka kwa mlio. Alimtazama baba yake kwenye kioo, midomo ya baba, iliyokuwa imeshaanza yenyewe kumwigiza askari wa simu. Mtoto aliikazia macho midomo ile hadi ikasimama.

Profesa alianza kisogoni. Akapanda upande wa kulia, akashuka nyuma ya sikio, akapita juu. Alipofika ukingoni, pale mfupa unapoishia na ngozi kuanza kupanda na kushuka, mkono wa miaka kumi na tisa ukasita hewani, mashine ikinguruma.

"Endelea," Mwalimu akasema. Alikuwa amesogea hadi begani mwake. "Nakuangalia."